Mvua Isiyokatika: Historia ya Kifaa cha Kusikia

  Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usije ukaunguza chakula kwa sababu yetu. Kama ndio kwanza umetua kapu la majani chai, keti, nyoosha miguu. Mazungumzo ya leo ni ya historia. Yatatupeleka mbali, lakini yanaanzia hapa hapa nyumbani.

Hebu tuanze na mvua. Wewe unayeishi Kericho au Bomet huhitaji kuelezwa mvua ya alasiri. Mawingu yanajikusanya juu ya msitu wa Mau, na kabla watoto hawajamaliza somo la mchana mvua imefika, mara nyingine na mawe yake. Mabati ya darasa yananguruma. Mwalimu anapaza sauti, anachoka, mwishowe anaandika ubaoni na kungoja. Kwa muda ule, darasa zima halisikii. Mvua ikikatika, masomo yanaendelea.

Sasa fikiria kwamba katika darasa hilo kuna mtoto mmoja ambaye kwake mvua haikatiki. Jumatatu hadi Ijumaa, jua likiwaka au mawingu yakitanda, anamsikia mwalimu kama vile wenzake wanavyomsikia wakati wa mvua. Anaona midomo ikicheza, anadaka neno moja, linampita jingine. Ukimwita kutoka mlangoni haitiki. Ukimkaribia, anaitika.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Tukisema "mtoto huyu hasikii," huenda tunamaanisha masikio yake hayapokei sauti, na huenda tunamaanisha ni mtundu, haambiliki. Watoto wengi wameadhibiwa kwa maana ya pili, kumbe shida yao ilikuwa ile ya kwanza. Mwaka 1992 wataalamu walipima masikio ya watoto zaidi ya 5,000 wa shule za msingi katika iliyokuwa wilaya ya Kiambu. Waligundua kwamba watoto kama 5 au 6 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa kusikia, katika sikio moja au yote mawili. Na hizo hazikuwa shule za viziwi, mama. Walikuwa watoto wa shule za kawaida, wamekaa na wenzao darasani.

Sababu ni nyingi. Kuna sikio linalotoa usaha mwaka hata mwaka. Kuna nta iliyoziba. Kuna surua, matumbwitumbwi, homa ya uti wa mgongo, na malaria kali, ile ambayo katika miaka ya 1990 ilipanda hadi nyanda zetu za juu na kujaza wodi za hospitali za mashamba ya chai. Hata kwinini, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa dawa ya malaria kali, inaweza kudhuru usikivu ikizidi kiasi. Wengine huzaliwa hivyo. Baadhi ya shida hizi hutibika kabisa, na nyingine huzuiwa kwa chanjo. Ndiyo maana kadi ya kliniki ni ya thamani kuliko tunavyodhani: chanjo ya Hib iliyoingia Kenya mwaka 2001, ile ya nimonia ya mwaka 2011, na ile ya surua na rubella ya mwaka 2016, zote tatu hulinda masikio pia, ingawa wengi wetu hatukuambiwa hivyo siku ya sindano.

Lakini leo tunamzungumzia mtoto ambaye dawa imefika mwisho wake na bado hasikii vizuri. Binadamu wamemfanyia nini mtoto huyo, tangu zamani hadi sasa?

Kifaa cha kwanza kabisa unacho wewe. Ni kiganja. Mzee akikuuliza "unasema?" huweka kiganja nyuma ya sikio. Kiganja kinakusanya sauti kidogo, kama sufuria inavyokinga maji ya paa. Baadaye watu wakatumia pembe za wanyama, kisha mirija mikubwa ya bati na shaba, upande mmoja mpana, upande mwingine mwembamba wa kuingia sikioni. Beethoven, yule mtunzi mashuhuri wa muziki wa Ujerumani aliyepoteza kusikia, alitengenezewa mirija ya namna hiyo miaka mia mbili iliyopita. Haikuongeza sauti hasa. Kazi yake ilikuwa kuzuia ile iliyokuja isitawanyike.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote. Adui mkubwa wa mtu asiyesikia vizuri ni umbali. Sauti ni kama joto la moto wa kuni. Ukiwa karibu na mafiga unaota vizuri. Rudi hatua chache, baridi ya Kericho inakukumbusha uko wapi. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, kutoka mita 1 hadi 2, kutoka 2 hadi 4, nguvu ya sauti inapungua sana. Ile mirija ya zamani ilifanya kazi kwa sababu msemaji alisogea karibu na kusema ndani yake. Mama anayembeba mtoto mgongoni na kumwimbia, naye hufanya jambo hilo hilo: anaondoa umbali. Ukilikumbuka hilo, vifaa vyote tutakavyovitaja utavielewa.

Umeme uliingia kwa mlango wa simu. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa watoto viziwi mjini Boston, Marekani. Mama yake mzazi hakuwa akisikia vizuri, na mke wake alikuwa amepoteza kusikia akiwa mtoto wa miaka mitano kwa sababu ya homa. Kwa hiyo simu hii tunayotumia kutuma pesa ilitoka mikononi mwa mtu aliyezungukwa na wapendwa wasiosikia. Mwaka 1898 Mmarekani mwingine, Miller Reese Hutchison, akachukua maarifa ya simu na kutengeneza kifaa cha kwanza cha kusikia kinachotumia umeme. Kilikuwa kikubwa, cha kuwekwa mezani.

Habari zikafika Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya. Huko kulikuwa na mtu aitwaye Hans Demant, ambaye mke wake Camilla alikuwa na upungufu wa kusikia. Demant alisafiri hadi Uingereza kumtafutia mke wake kifaa hicho. Akakipata, akarudi nacho, kisha akaona kwamba majirani nao wanakihitaji. Mwaka 1904 akaanzisha biashara ya kuviingiza nchini mwake. Kampuni ile ipo hadi leo, inaitwa Oticon. Ninawaomba mkumbuke jina la Denmark, kwa sababu nchi hiyo itarudi tena katika hadithi yetu, na mara moja itarudi ikiwa hapa hapa Kenya.

Miaka ya 1920 na 1930 vifaa vilianza kutumia zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Sauti iliongezeka vizuri, ila betri zilikuwa nzito mno, watu wakizibeba mfukoni au kiunoni. Niseme kwa ufupi tu kwamba haikuwa raha.

Mambo yalibadilika kwa kitu kidogo kuliko punje ya hindi: transista. Iligunduliwa Desemba 1947 katika maabara ya kampuni ya simu ya Marekani. Wakubwa wenu mnaikumbuka redio ya transista, ile ya mkanda wa ngozi iliyoning'inia begani mwa baba siku ya soko. Je, mnajua kwamba kifaa cha kusikia kiliitangulia redio hiyo? Mwishoni mwa 1952 kampuni ya Sonotone iliuza kifaa cha kusikia chenye transista. Redio ya kwanza ya transista ilikuja madukani mwaka 1954. Na kampuni ya simu, kwa heshima ya Bell, haikuwadai watengenezaji wa vifaa vya kusikia ada ya kutumia uvumbuzi huo. Kwa hiyo redio unayotusikilizia sasa, mdogo wake si simu peke yake. Ina kaka mkubwa anayekaa nyuma ya sikio la mtoto.

Uingereza nayo, ilipoanzisha huduma ya taifa ya matibabu mwaka 1948, iliamua kuwapa wananchi wake kifaa cha kusikia bila malipo. Je, na huku kwetu? Wakati huo mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalikuwa yamekwisha kupandwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Barabara za mashamba zilikuwepo, viwanda vilikuwepo, chai ilikuwa ikinywewa London. Mtoto kiziwi wa mchuma chai hakuwa na shule hata moja ya kwenda.

Chama cha Kenya cha Watoto Viziwi kilianzishwa mwaka 1958, na mwaka 1961 zikafunguliwa shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias, zote za magharibi mwa nchi. Ni safari ndefu kumpeleka mtoto mdogo ambaye hawezi hata kukuuliza unamwacha wapi. Baadaye zilikuja nyingine karibu zaidi, na leo kaunti ya Kericho ina shule maalumu ya viziwi huko Kedowa, upande wa Londiani.

Vifaa vya watoto wa enzi zile vilikuwa vya kifuani. Kisanduku kama cha kiberiti kikubwa kilivaliwa ndani ya mfuko uliofungwa kifuani, na waya mbili zikapanda hadi masikioni. Maikrofoni ilikuwa kwenye kile kisanduku. Basi mtoto alisikia nini? Alisikia sweta likikwaruza. Alisikia kijiko kikianguka. Uji ukimwagika, ulimwagika juu ya maikrofoni. Waya zilikatika, na wenzake wakazivuta kwa utani. Hata hivyo, kwa watoto wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina lao likiitwa, na tusikidharau.

Sasa Denmark inarudi. Mwaka 1984, kwa msaada wa shirika la maendeleo la nchi hiyo, DANIDA, serikali ya Kenya ilianza kufungua vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu katika wilaya mbalimbali. Mwaka 1986 ikafuata Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi. Hadi hapo mama mwenye wasiwasi alikuwa hana mahali pa kuuliza isipokuwa kwa nyanya, kwa mganga, au kanisani. Vituo hivi vilimpa mwalimu aliyefundishwa kumpima mtoto na kumweleza mzazi. Vituo vya upimaji bado vipo, vikiwa chini ya ofisi za elimu, na huduma yao ni kwa kila mtoto, awe tayari shuleni au la.

KISE ilileta jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kifaa cha nyuma ya sikio kinahitaji kizibo, yaani kile kipande cha plastiki kinachoingia ndani ya sikio na kupitisha sauti. Kizibo hakinunuliwi kama ndala, saizi yoyote. Fundi humimina ute laini katika sikio la mtoto, unaganda, anautoa, na kutokana na umbo hilo anatengeneza kizibo cha sikio hilo na la mtu mwingine hapana. Kikiwa kimelegea, sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, na kifaa kinapiga mluzi. Masikio ya mtoto hukua! Mtoto mchanga huenda akahitaji kizibo kipya kila baada ya miezi michache. Vifaa vingi vizuri vimeishia kabatini, vimefungwa ndani ya leso, kwa sababu tu kizibo kilikuwa cha mwaka juzi.

Tunafika sasa kwenye neno mnalolisikia kila mahali: dijitali. Mwaka 1996 kampuni mbili za Denmark, Widex na ile Oticon ya mzee Demant, zilitoa vifaa vya kwanza vya kusikia vilivyokuwa dijitali kikamilifu na vidogo vya kuvaliwa sikioni. Tofauti yake na vya zamani ni nini? Wewe uliye katika nchi ya chai utaielewa haraka kuliko mtu wa mjini.

Majani yakishasagwa na kukaushwa kiwandani, hayatiwi yote katika gunia moja. Yanapita kwenye machekeche, na kila gredi inatoka upande wake: BP1, PF1, PD, D1. Kila moja ina bei yake na mnunuzi wake. Kifaa cha zamani kilikuwa kama mtu anayemimina kila kitu katika gunia moja na kulifanya kubwa zaidi. Sauti ya mama iliongezeka, na sauti ya mlango unaobamizwa ikaongezeka vile vile. Kifaa cha dijitali hugeuza sauti kuwa tarakimu, mara maelfu mengi kwa kila sekunde, kisha kompyuta ndogo iliyomo ndani inazichekecha. Sauti nzito huku, sauti nyembamba kule. Mtoto ambaye anasikia ngurumo lakini hasikii herufi kama "s" na "f" anaongezewa zile nyembamba tu. Sauti ya ghafla inapunguzwa isimuumize. Mluzi unatambuliwa na kukatwa. Na mtaalamu anaweza kukirekebisha kifaa kwa kompyuta kulingana na kipimo cha mtoto, kisha kukirekebisha tena usikivu ukibadilika.

Kwa hiyo jihadhari na vile vipaza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa sokoni au kwenye simu vikiitwa mashine za masikio. Hivyo ni gunia moja. Havikupimwa kwa sikio la mtoto wako na vinaweza kulidhuru.

Hata hivyo, chekeche lina kikomo. Rudi katika darasa letu la mabati. Mwalimu yuko ubaoni, mita sita kutoka kwa mtoto. Mvua iko juu ya kichwa chake, na dawati la jirani linasukumwa. Kifaa, hata kiwe kizuri namna gani, kinasikia kutoka pale alipo mtoto, na pale alipo mtoto kelele ziko karibu na mwalimu yuko mbali. Kikiongeza nguvu, kinaongeza na mvua.

Dawa ya shida hiyo ni ile ile ya mirija ya zamani, yaani kuupeleka mdomo karibu na sikio. Katika miaka ya 1970 shule za viziwi huko Ulaya na Marekani zilikuwa zikitumia mtambo unaoitwa FM. Naam, FM hii hii. Mwalimu alivaa shingoni maikrofoni na kirusha matangazo kidogo, mtoto akavaa kipokezi. Sauti ya mwalimu ilichukuliwa sentimita chache kutoka kinywani na kurushwa hewani hadi sikioni. Kila darasa lilikuwa kituo kidogo cha redio chenye mtangazaji mmoja, na mwalimu akienda dirishani au akiwageuzia watoto mgongo, kwa yule mtoto ni kama hajasogea.

Ubaya wake? Mitambo ilikuwa mizito, ghali, na masafa yaliingiliana darasa na darasa. Mwaka 2007 Oticon ilitoa kifaa kilichounganishwa na simu kupitia mkufu wa shingoni unaotumia Bluetooth. Jina hilo la Bluetooth, kwa wale wanaopenda vichekesho vya historia, ni la mfalme wa kale wa Denmark! Mwaka 2013 kampuni ya Phonak ya Uswisi ilileta maikrofoni za dijitali za mwalimu ambazo hazihitaji mtu kuhangaika na masafa. Mwaka 2014 vikaja vifaa vinavyozungumza moja kwa moja na simu ya iPhone bila mkufu wowote, na miaka michache baadaye simu za Android zikafuata. Mwaka 2022 mfumo unaoitwa Auracast ulizinduliwa: ukumbi, kanisa au kituo cha basi kinaweza kutangaza sauti moja kwa kila mwenye kifaa kinachoipokea.

Mambo haya si ya hadithi tu. Baba aliye kazini Nairobi anapiga simu, na sauti yake inaingia katika masikio yote mawili ya mtoto bila kelele za jikoni. Mwalimu anatundika maikrofoni ndogo kama beji, mvua inanguruma, na mtoto anaandika imla pamoja na wenzake.

Lakini nisiwadanganye. Vifaa hivi ni ghali, na vingi vya hivyo vipya havijafika kwetu kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba duniani kote, ni watu kama 17 tu katika kila 100 wanaohitaji kifaa cha kusikia ndio wanaokitumia, na katika nchi maskini ni wachache zaidi. Wengine wameonyesha njia. Mapema miaka ya 2000 huko Otse, Botswana, wafanyakazi ambao wao wenyewe ni viziwi walianza kutengeneza vifaa vya bei nafuu vyenye betri zinazochajiwa kwa jua, kwa sababu walijua kinachokiua kifaa Afrika ni betri.

Basi kama una nafasi ya kupata kifaa, kwa kununua au kwa msaada, muulize mtaalamu maswali haya. Kimepangwa kwa kipimo cha mtoto wangu? Kizibo kitabadilishwa wapi akikua? Betri zitapatikana wapi? Kinaweza kupokea maikrofoni ya mwalimu, sasa au baadaye? Mimi naona, kwa mtoto wa shule, kifaa cha dijitali cha kawaida chenye maikrofoni ya mwalimu kinaweza kumfaa darasani kuliko kifaa cha fahari kisicho nayo. Na kama maikrofoni haipatikani, dawati la mbele karibu na mwalimu halina bei. Nenda ukaliombe. Ukifika shuleni zungumza na mwalimu wa darasa kwa upole, umweleze pia asizungumze akiwa ameelekea ubaoni.

Unyevu wa huku kwetu ni adui wa vifaa hivi. Usiku kitoe, kipanguse kwa kitambaa kikavu, fungua kilango cha betri, kiweke katika kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vipakiti hivyo haviliwi, viweke mbali na watoto. Usikikaushe kando ya jiko wala juani. Betri ya kawaida ya kifaa hiki inatumia hewa: ukishabandua karatasi yake huanza kufanya kazi, hata usipoivaa, kwa hiyo usiibandue mapema, na ukiibandua ngoja dakika chache kabla ya kuitia. Betri ni ndogo kama kidonge. Mtoto akiimeza, usimtapishe; kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Na kuna wanaokihifadhi kifaa kwa ajili ya Jumapili, ili betri zisiishe. Naelewa, maisha ni magumu. Lakini ubongo wa mtoto hujifunza lugha kila siku, na miaka ya kwanza hairudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kutoka jimbo la Colorado, Marekani, ulionyesha kwamba watoto waliotambuliwa kabla ya kutimiza miezi sita na kusaidiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye. Ndiyo sababu wataalamu husema: mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, shida ithibitishwe kabla ya miezi mitatu, msaada uanze kabla ya miezi sita. Hapa kwetu mtoto huondoka wodi ya uzazi mara nyingi bila masikio kupimwa, hivyo mpimaji wa kwanza ni wewe. Mchanga hashtuki kwa kishindo? Wa miezi sita hageuki ukimwita kutoka nyuma? Wa mwaka mmoja hajaanza hata neno moja? Usingoje "ataongea tu kama mjomba wake."

Mama mmoja huenda anauliza: na kama kifaa hakimsaidii? Wako watoto ambao kifaa cha sikioni hakiwatoshi. Hao wana lugha yao, Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitaja kuwa miongoni mwa lugha za Bunge. Anza kujifunza ishara pamoja naye. Kifaa na ishara havigombani. Mtoto anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Omba barua ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kericho au Longisa. Uliza pia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo kituo cha upimaji. Mtoto akithibitishwa, msajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hilo lina mfuko unaosaidia kupata vifaa, na bila usajili huwezi hata kuomba. Nenda na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, saa kama hizi, tutazungumza juu ya sikio linalotoa usaha. Hadi wakati huo, kama mtoto wako ana sikio la namna hiyo, usitie mafuta ya taa, wala maziwa, wala majani yaliyopondwa. Lipanguse kwa nje kwa kitambaa safi, usimwache maji yamwingie akioga, na umpeleke kliniki kesho asubuhi.